Kulala Juu ya Duka, Katikati ya Kisumu

Mazungumzo ya leo yanawahusu hasa ninyi wa Awasi, mnaoijua vizuri njia panda ile ambapo barabara ya Kericho inaachana na ya Chemelil. Kabla jua halijachomoza, matatu zimeshajaa hapo. Zinapita Ahero, Rabuor na Nyamasaria, zinawashusha watu Kisumu mjini, na jioni zinawarudisha. Ndani yake wamo wauza duka, makarani, wauguzi, mafundi wa simu na wanafunzi wa vyuo. Wengi wao hushinda mchana kutwa chini ya vyumba ambavyo vingeweza kuwa makao yao: orofa za juu za maduka ya zamani ya Wahindi, katikati kabisa ya mji.

Anayepita Barabara ya Oginga Odinga hutazama mbele na chini, maana bodaboda hazina simile na bidhaa zimetandazwa hadi ukingoni mwa lami. Akiinua macho juu ya varanda ataona mji mwingine. Ataona madirisha marefu ya mbao, roshani nyembamba zenye nguzo fupi za saruji, mapambo ya plasta, na juu kabisa, kwenye uso wa baadhi ya majengo, mwaka wa kujengwa na jina la mwenyewe wa kwanza. Nyuma ya madirisha hayo siku hizi kuna saluni, kliniki, chuo cha kompyuta, ofisi ya wakili, stoo ya mitumba. Na katika baadhi yake kuna watu wanaolala humo, ingawa aliye barabarani hajui mpaka aone nguo zimeanikwa.

Nyumba hizi zililetwa na reli. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilifika ukingo wa ziwa tarehe 20 Desemba 1901, na mahali hapo pakaitwa Port Florence, inavyosimuliwa kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston aliyesimamia utandikaji wa vyuma. Wakati huo Kisumu ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Ilihamishiwa upande wa Kenya mwaka 1902. Mabehewa yaliyopandisha mabati, saruji na vioo kutoka pwani yalipandisha pia wenye maduka.

Watu husema hao walikuwa vibarua wa reli waliogeuka wafanyabiashara. Sivyo, au si hivyo kwa wengi. Kati ya vibarua 32,000 hivi walioletwa kutoka India, walio wengi walirudi kwao mikataba ilipoisha. Waliobaki hawakufika 7,000. Wenye maduka wengi walikuja kwa nauli zao wenyewe kutoka Gujarat na Kutch, wakiwafuata ndugu waliotangulia. Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch aliyeanza kazi Bagamoyo angali mtoto, alikuwa na maduka kando ya reli hadi Kisumu na ndani ya Uganda kabla ya kufariki mwaka 1916. Upande wa Kibos, Wahindi walipewa ardhi ya kulima, na mwaka 1922 kikaanzishwa kiwanda cha sukari cha Miwani, cha kwanza nchini. Msikiti wa Jamia pale Barabara ya Otiena Oyoo ulijengwa 1919. Kwa ufupi, mji wa biashara ulikuwa umeshashika mizizi kizazi kimoja tu baada ya gari moshi la kwanza kufika.

Ramani ya nyumba hizo ilikuwa karibu moja. Mbele, duka lenye milango mipana ya mbao. Nyuma ya duka, stoo. Nyuma ya stoo, ua wenye jiko, bafu na choo. Ngazi moja ilipanda hadi ghorofani, walikolala babu na bibi, wana na wake zao, na wajukuu. Dari zilikuwa juu sana, kuta nene, na vyumba vilifunguka pande mbili, barabarani na uani.

Hayo hayakuwa mapambo. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, lakini ni mji wa joto. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda bara. Usiku hugeuka, ukashuka kutoka milima ya Nandi kuelekea ziwani, na mara nyingi ndio unaoleta radi za usiku majini. Nyumba iliyo wazi mbele na nyuma hunufaika na upepo huo unaokwenda na kurudi. Joto hupanda darini, watu hupumua chini. Waliojenga hawakuwa na feni wala stima ya kutegemea, kwa hiyo waliufanya upepo kuwa sehemu ya nyumba.

Mwafrika hakuwa mpangaji humo. Mji wa kikoloni uligawa watu kwa rangi: Wazungu Milimani kwenye hewa safi, Wahindi kwenye bazaa, na Waafrika wengi nje ya mpaka wa mji, Nyalenda na Manyatta, ambako hapakupimwa viwanja wala kuchimbwa mitaro. Aliyefagia duka na kubeba magunia alitakiwa arudi huko jioni. Mpaka wa manispaa haukusogezwa kuvijumuisha vitongoji hivyo mpaka mapema miaka ya 1970. Kwa hiyo Mjaluo anayepanga leo chumba cha juu pale bazaa amepanda ngazi ambayo babu yake aliipanda akiwa na gunia begani tu. Jambo hilo lina uzito, na halifai kupitwa haraka.

Mlango ulifunguliwa na siasa. Mwaka 1967 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Leseni za Biashara. Asiyekuwa raia hakuruhusiwa tena kufanya biashara katika maeneo kadhaa wala kuuza bidhaa kadhaa, na vituo vidogo vya mashambani ndivyo vilivyoguswa kwanza. Wengi walikuwa na pasipoti za Uingereza, na Uingereza nayo ikawabania mlango kwa sheria yake ya Machi 1968. Maduka yakauzwa. Waafrika walioyanunua, baadhi yao kwa mikopo ya shirika la serikali la ICDC, walirithi mji uliojengwa kwa maisha ya namna nyingine. Si kwamba Wahindi wote waliondoka Kisumu. Ziko familia zilizochukua uraia zikabaki, na maduka yao yapo hadi leo.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Mmiliki wa kwanza alilala juu ya duka lake. Mmiliki mpya alikuwa na dala yake, yaani boma lake, kijijini, Kano, Seme, Gem au Nyakach, na huko ndiko alikojenga, alikozika na atakakozikwa. Hakuhitaji ghorofa nzima ya kulala mjini. Alihitaji kodi. Nyumba iliyojengwa kwa familia moja kubwa ikawa lazima igawanywe, na swali likawa ni nani ataigawanya na kwa ramani gani. Mara nyingi ramani haikuwepo. Alikuwepo fundi seremala, mbao za mbili kwa mbili, na plaibodi.

Jambo hili limewapata wengine pia. Uingereza na Ireland zina nyumba za safu zilizojengwa zama za wafalme wanne walioitwa George, kati ya 1714 na 1830: ndefu, za matofali au mawe, madirisha makubwa, kila moja kwa familia moja tajiri na watumishi wake. Matajiri walipohamia kwingine, nyumba ziligawanywa. Nambari 14 Henrietta Street mjini Dublin ilijengwa miaka ya 1740 kwa ajili ya wakubwa. Mwaka 1911 ilikuwa na watu 100, familia 17 chini ya paa moja. Leo ni makumbusho, yaliyofunguliwa 2018. Nenda sasa mji wa Bath, utazame Royal Crescent, safu ya nyumba 30 iliyokamilika 1774. Nyingi kati yake nazo zimegawanywa kuwa fleti, na watu hulipa fedha nyingi kuishi humo. Majengo ya zama moja, yaliyokusudiwa watu wa tabaka moja. Lakini Bath huwezi kugusa hata fremu ya dirisha bila kibali, na kila fleti ina maji yake, choo chake na mlango wake. Dublin ile ya 1911 mwenye nyumba alipiga hesabu ya milango tu.

Karibu nasi zaidi uko Mji Mkongwe wa Unguja, na wenye majengo wa Kisumu wangefanya vyema kwenda kuutazama kwa macho yao. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wenye majumba wengi walikimbia, serikali ikayachukua, na familia kutoka Ng'ambo na mashamba zikapewa vyumba. Jumba la mtu mmoja likawa la kaya kadhaa. Kuta za majumba hayo ni mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zimebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu, kwa sababu upana wa chumba hauwezi kuupita urefu wa boriti. Kila kaya ikaweka jiko na bafu lake juu ya sakafu ambayo haikujengwa kwa ajili ya maji. Maji yakapenya. Boriti zikaoza pale zinapoingia ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Kisha mafundi wakaja na saruji kuziba nyufa, wakaongeza madhara, maana saruji hufungia ndani unyevu ambao chokaa ingeuacha utoke.

Unguja iliunda mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe mwaka 1985, na UNESCO ikauingiza katika urithi wa dunia mwaka 2000. Lile jengo la dispensari ya zamani lililoanzishwa na Tharia Topan mwaka 1887 lilikarabatiwa vizuri miaka ya 1990 na taasisi ya Aga Khan, na kila roshani iliyochongwa ikarudi mahali pake. Lakini Beit al Ajaib, jumba la mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 hali kazi ya ukarabati inaendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo kuukuu halingoji bajeti.

Turudi Kisumu sasa, tupande ngazi.

Mlango uko pembeni, kati ya duka la vipuri na la simu, mwembamba kiasi kwamba wageni huupita wasiuone. Ngazi ni ya mbao, imelika katikati kwa nyayo za miaka mingi. Juu kuna ukumbi mrefu wenye giza hata saa sita mchana. Zamani palikuwa sebule na vyumba viwili vikubwa. Leo kuna milango ya plaibodi kushoto na kulia, kila mmoja na kufuli lake. Kuta hizo za plaibodi hazifiki darini. Zinaishia juu kidogo ya kichwa, kwa hiyo taa ya jirani inakumulikia, redio yake unaisikia, na akikaanga omena usiku, nguo zako zinanuka omena asubuhi. Aliyepata chumba cha mbele ana dirisha la barabarani. Aliyepata cha nyuma ana dirisha la uani. Aliyepata cha katikati hana kitu: upepo ule wa ziwani, ambao nyumba nzima ilijengwa kuupokea, umekatwa kwa mbao nyembamba kuliko kitabu.

Mita ya stima ni moja. Tokeni hununuliwa kwa mchango, na mwenye friji huwa hakosi ugomvi na mwenye balbu moja. Waya zimetandazwa juu ya plaibodi, zimeungwa kwa selotepu. Maji ya bomba yakija yanaishia kwenye tangi la uani. Kutoka hapo ni mtungi wa lita 20, kilo 20 kamili, begani hadi juu. Choo ni kilekile cha uani kilichojengwa kwa familia moja.

Mazungumzo kati ya anayetafuta chumba na msimamizi wa jengo huwa ya namna hii:

"Mzee, choo kiko wapi?"

"Chini uani, nyathina. Ni kisafi, tunapiga zamu."

"Na usiku?"

"Geti la ngazi tunafunga saa nne. Ukihitaji kushuka, mwamshe mlinzi, ufunguo anao yeye."

"Na kukitokea moto?"

Hapo msimamizi hucheka kidogo, akasema tangu aanze kazi hakujawahi kutokea moto.

Wenye majengo wana sababu ya kuweka magrili madirishani na geti kwenye ngazi. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliteketeza maduka katikati ya Kisumu, na siku za maandamano moshi wa vitoa machozi haubagui mwenye duka na mpangaji wa juu. Hata hivyo grili inayomzuia mwizi asiingie humzuia pia mpangaji asitoke. Ngazi moja ya mbao, waya zilizoungwa kwa selotepu, mitungi ya gesi ukumbini, madirisha yenye vyuma na geti lililofungwa: huo ni mtego, na hauna jina lingine.

Sheria nayo imeikata nyumba hii vipande viwili. Duka la chini linaweza kulindwa na sheria ya mwaka 1965 ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, ambayo inamzuia mwenye jengo kumfukuza au kumpandishia kodi mfanyabiashara asiye na mkataba wa maandishi bila kumpa notisi rasmi, na mwenye duka anaweza kuipinga notisi hiyo mbele ya baraza. Mpangaji wa juu anategemea Sheria ya Udhibiti wa Kodi, ambayo inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kiwango haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kimepitwa na bei za mji, kwa hiyo anayelala ghorofani mara nyingi hana baraza la kumtetea, ilhali anayeuza viatu chini yake analo. Anayelala ndiye anayestahili ulinzi zaidi, na Bunge limekawia mno kulirekebisha hilo.

Pamoja na hayo yote, vyumba hivyo vinafaa kukaliwa. Mtu wa Awasi anayefanya kazi mjini akilala mjini anaokoa nauli ya kwenda na kurudi na saa zake za kulala. Hapati shida Mto Nyando unapofurika. Muuguzi anayetoka zamu usiku anatembea kwa miguu hadi mlangoni. Soko la Jubilee liko karibu, stendi iko karibu, ziwa liko karibu. Ni kweli kwamba adhana ya Jamia itamwamsha alfajiri, ohangla ya klabu itamchelewesha kulala Jumamosi, na spika za kanisa zitadai haki yao Jumapili. Hizo ni kelele za mji wenye watu. Mji ambao orofa zake zote za juu ni stoo huwa mtupu baada ya saa mbili usiku, mlinzi na mbwa peke yao, na biashara za jioni hufa.

Kinachotakiwa si kikubwa kuliko uwezo wa wenye majengo. Ghorofa igawanywe kwa ukuta unaofika darini, na kila fleti ipewe upande wa barabarani na upande wa uani, hata kama maana yake ni fleti tatu badala ya vyumba tisa. Vyoo na majiko yapangwe juu ya vyoo na majiko, upande wa uani, ili bomba zishuke mahali pamoja na maji yasipite juu ya mbao za zamani. Unguja imetuonyesha maji hayo hufanya nini. Kila fleti iwe na mita yake. Tangi lipande juu ya paa la jengo la nyuma, si juu ya kuta za mbele zilizochoka. Na iwepo ngazi ya pili, ya chuma ikibidi, inayoshuka uani. Fleti tatu za namna hiyo zinaweza kuleta kodi inayokaribia ile ya vyumba tisa vya plaibodi, na mpangaji wake hakimbii baada ya miezi mitatu. Tena chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020, mwenye jengo anaweza kuuza fleti moja kwa hatimiliki yake na kuzitumia fedha hizo kukarabati zilizobaki.

Serikali ya Kaunti ya Kisumu ndiyo yenye mamlaka ya kutoa kibali cha kubadili matumizi ya jengo, chini ya sheria ya mipango ya mwaka 2019. Iwarahisishie kibali wanaotaka kurudisha watu ghorofani, na iwakatalie wanaoomba kubomoa jengo la miaka 80 ili kusimamisha sanduku la vioo linalohitaji kiyoyozi kuanzia asubuhi hadi jioni.

Nawe msikilizaji wa Awasi, au popote ulipo kando ya ziwa, unayefikiria kuhamia mjini: kabla hujalipa depositi panda ngazi mwenyewe, mchana, ukiwa huna haraka. Tazama dari kama ina madoa ya maji. Uliza mita ni ya nani. Fungua dirisha uone kama linafunguka kweli. Na kama tayari unaishi ghorofani, usingoje mwisho wa mwezi. Leo hii jioni zungumzeni wapangaji wote, nendeni kwa msimamizi, mdai kila chumba kipewe ufunguo wake wa geti la ngazi.